Filimbi ya Saa ya Bariyeri

Katika uwanja wa basketi wa Cyangugu kulikuwa na sheria moja isiyoandikwa katika kitabu chochote, na watu waliitii kuliko zote zilizoandikwa. Ikishafika saa kumi na moja na nusu ya jioni, refa anaanza kupofuka. Mtoto akitembea na mpira mkononi kama anayepeleka sinia mezani, refa anaangalia ziwa. Mtoto akipigwa kiwiko, refa anajikuna shingo. Filimbi inabaki mdomoni kama pipi, ya kunyonya tu.

Sababu yake ilikuwa bariyeri ya mpakani. Siku za Jumamosi timu za shule za Bukavu zilivuka mto Rusizi kuja kucheza, pamoja na washangiliaji wao, na mama zao waliokuja kwa jina la mpira huku wamebeba sabuni na vitenge vya kuuza. Mpaka ulifungwa saa kumi na mbili. Ulikuwa mwaka wa 2001, vita vya kule Kongo vilikuwa havijaamua kama vinaisha au vinaendelea, na mtu aliyefungiwa upande usio wake hakulala tu akaamka. Asubuhi alimweleza mwanajeshi wa huku amelala kwa nani, akavuka, akamweleza mwanajeshi wa kule alikuwa anatafuta nini, na akifika nyumbani anakuta majirani wamejaa uani, wamekaa na mama yake kama kwenye kilio. Sasa kila filimbi inasimamisha saa ya mchezo, lakini saa ya bariyeri haisimamishwi na mtu. Kwa hiyo filimbi ilimezwa, na hakuna aliyeuliza.

Drocella alijifunza urefa hivyo, na aliyemfundisha ni Bahizire.

Bahizire alikuwa mtu wa Bukavu, mwenye duka la misumari kule Kadutu, kitambi mbele, miguu myembamba chini yake kama imeazimwa. Alipuliza filimbi tangu nchi yake ilipokuwa inaitwa Zaire. Drocella naye alizaliwa Kadutu, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia huko zamani, akacheza basketi kwenye uwanja wa mapadri mpaka goti likakataa. Mwaka wa 1994, mauaji yalipokwisha, familia ikarudi katika nchi ambayo yeye alikuwa hajawahi kuiona ila kutoka ng'ambo ya maji. Sasa alifundisha hesabu shule ya msingi huko Kamembe, alikuwa na mume mmoja na mama mkwe mmoja, na kila Jumamosi alikuwa na filimbi.

Mama mkwe ndiye ambaye hakuipenda.

"Mwanamke hapigi mbinja," alisema. "Ng'ombe wanakauka maziwa."

"Mama, hatuna ng'ombe."

"Na unafikiri kwa nini hatuna?"

Drocella akavaa filimbi yake shingoni, akatoka.

Alikuwa refa wa daraja la shule, daraja la chini kabisa. Juu yake kulikuwa na ligi ya taifa, ambako refa anaitwa Kigali, anaitwa Butare, anavaa fulana ya kijivu yenye nembo, na wachezaji ni watu wazima wanaomtukana kwa adabu. Ili upande, lazima mkaguzi akuone kwa macho yake. Na wakaguzi walikuwa hawapendi ule msitu wa Nyungwe na kona zake. Mara mbili waliahidi kuja Cyangugu na mara mbili waligeukia njiani. Tena kulikuwa na mambo ya umri. Aliyefikisha miaka thelathini na tano hapandishwi tena, na Drocella alikuwa anaifikisha kabla ya Noeli. Kwa hiyo ilikuwa ni mwaka huu, au abaki na watoto wa shule mpaka apate wajukuu.

Alifanya mazoezi kama mwenye deni. Alfajiri alikimbia barabara ya uwanja wa ndege wa Kamembe, juu na chini, na wanawake waliokuwa wanapeleka maparachichi sokoni hawakumwacha apite bure.

"Maman Drocella! Mwizi amepita wapi?"

"Mbele!"

"Basi amekuacha mbali, kaa chini upumuzike!"

Aliyempatia mkaguzi hatimaye ni Harerimana, mwalimu wa michezo wa shule ya Cyangugu, mtu mrefu mwenye sauti ya kengele. Alipiga simu Kigali, akaomba, akasifu, akasema huku tuna mwanamke anayejua kitabu chote cha sheria bila kufungua. Mkaguzi akakubali. Mchezo ukapangwa: wasichana wa Cyangugu na wasichana wa shule moja ya Bukavu, Jumamosi saa nane mchana. Drocella refa mkuu, Bahizire msaidizi wake.

Saa nane ikafika bila mkaguzi. Harerimana akakataa kuanza.

"Tukianza bila yeye, atakuwa amekuja kuangalia nini? Nyavu?"

Wasichana wakapasha mwili moto, wakapoa, wakapasha tena, wakala mandazi, wakapasha mara ya tatu huku wameshiba. Bahizire akamsogelea Drocella.

"Unaona saa?"

"Naona, papa."

"Basi huyu muntu ya Kigali tutamungoya mupaka wapi? Aba batoto beko na bamama yabo. Na mimi niko na bibi ku nyumba."

"Akikuya, tutakimbiza mchezo."

"Utakimbiza vizuri," alisema Bahizire, akamtazama kwa jicho moja. "Kama vile nilikufunza."

Mkaguzi aliingia saa kumi imepita, na vumbi mpaka kwenye nyusi. Lori la saruji lilikuwa limelala katikati ya barabara msituni. Jina lake Cyusa, mtu mfupi wa kofia, aliyekulia Uganda. Kifaransa hakukijua hata cha kuombea maji, na Kinyarwanda chake kilichomoka katikati ya sentensi kikamwacha. Basi watu wakakutana naye katika Kiswahili, yeye na chake cha kambini, wao na chao cha Kivu.

"Refa mkuu nani?"

"Mimi, afande."

"Mimi si afande. Anza kazi."

Drocella akaanza kazi. Kwa kota tatu, nani angemlaumu? Alikuwa mahali panapotakiwa kabla mpira haujafika. Mkono wake ukipanda, watoto wanajua kosa ni la nani kabla hajasema. Divine, mchezaji mwepesi wa Bukavu, alijaribu kujiangusha apewe mitupo ya adhabu. Drocella akampita pale chini kama anavyopita jiwe. Joselyne wa Cyangugu, msichana mwenye mabega ya mbeba mizigo, alijaribu kulalamika. Akatazamwa mara moja, akanyamaza. Kule mezani Cyusa aliandika, akatikisa kichwa kidogo kama anayesikia wimbo anaoujua, akaandika tena. Harerimana, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wa Cyangugu, alisahau hata kuwafokea wasichana wake.

Kisha ikaanza kota ya nne, na jua likawa limeinama upande wa Bukavu.

Kwanza yalisikika mabeseni. Wale mama wa Bukavu walianza kufunga mizigo yao, kitenge juu ya kitenge, huku macho yakiwa uwanjani. Mmoja akaita, "Saa!" Mwingine akajibu, "Saa!" Bahizire akaitoa filimbi mdomoni, akaipangusa kwenye suruali, akaitia mfukoni kabisa.

Joselyne akamsukuma mtoto wa Bukavu mgongoni, mtoto akaanguka kifudifudi. Drocella alikuwa karibu. Aliona vizuri. Na mdomo wake haukupuliza. Haukumwomba ruhusa, haukumwuliza maoni yake. Ulifunga tu, kama duka linavyofunga saa yake ikifika. Mchezo ukaendelea. Divine akatembea na mpira hatua za kwenda sokoni. Mdomo ukabaki umefunga. Hapo ndipo Drocella aligeuka kumwangalia mkaguzi.

Cyusa alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa amekunja mikono, na haangalii mpira. Anamwangalia yeye.

Miaka yote ile alijiona anaamua mwenyewe kuimeza filimbi, kwa huruma, kwa ajili ya watu wa bariyeri. Kumbe mwili ulikwisha kujifunza, haumngojei tena. Alikaza meno. Akajiambia: inayofuata naipuliza, iwe ya nani, iwe saa ngapi.

Inayofuata ikaja mahali pabaya kuliko pote. Zilibaki sekunde za kuhesabu kwa vidole. Cyangugu ilikuwa inaongoza kwa pointi moja. Divine akachomoka na mpira, akaruka chini ya goli, na Joselyne akampiga mkono, pa!, mlio ukasikika mpaka kwa wauza mandazi. Mpira ukaenda pembeni. Drocella akamwona Bahizire upande wa pili akitikisa kichwa: acha. Akaelewa. Akipuliza, ni mitupo miwili. Ukiingia mmoja, wamelingana. Wakilingana, ni dakika tano za nyongeza, na dakika tano za basketi zenye filimbi ndani hazijawahi kuwa tano.

Akapuliza.

Upande wa Bukavu ukalipuka, na si kwa shukrani.

"Drocella!" Hiyo ilikuwa sauti ya Nzigire, mama yake Divine, beseni la sabuni tayari kichwani. "Weye mwana wa Kadutu! Unataka kutulaza huku?"

Hata Divine mwenyewe alimkimbilia, mkono amenyoosha.

"Maman arbitri, hakuniumiza! Angalia mukono! Hakuna kitu!"

"Mitupo miwili," alisema Drocella.

"Lakini mi sijalalamika!"

"Enda ku mustari."

Divine akaenda kwenye mstari kama anayekwenda kuchanjwa. Watu wote waliona anachotaka kufanya. Hakulenga, hakukunja goti; aliurusha mpira kama mtu anayetupa maganda ya ndizi nyuma ya nyumba. Mpira ukapanda, ukagonga ubao, ukazunguka chuma mara mbili, ukaingia.

Nzigire alishika kichwa kwa mikono miwili, beseni likayumba.

"Divine! Siku yote unakosa, leo njo umejua?"

Mtupo wa pili Divine alitaka kweli uingie, mchezo uishe hapo hapo, akatia nguvu zote. Mpira ukapaa juu ya ubao kabisa, ukavuka ukuta, ukaenda kwenye migomba. Ulipoletwa mwingine, Cyangugu wakaurusha mbali bila kufikiri, na saa ya mezani ikaisha. Wamelingana.

Bahizire akaja polepole, mikono mfukoni.

"Sasa nini, Madame Sheria?"

Drocella alisimama katikati ya uwanja. Kitabu cha sheria alikuwa amekisoma mpaka kurasa zikalegea, na kulikuwa na mstari ambao hajawahi kumwona refa akiutumia: refa mkuu anaweza kusimamisha mchezo hali ikidai. Akaenda mezani.

"Mchezo umesimama," alisema. "Wamelingana. Dakika tano za nyongeza zitachezwa kesho hapa hapa, baada ya misa ya kwanza."

"Eh, Maman!" alisema Harerimana, na ile sauti ya kengele ikapasuka. "Mbele ya mgeni!"

Cyusa aliinuka. "Hali gani hiyo inadai? Mvua iko wapi?"

"Hali ni bariyeri, Mzee."

"Bariyeri haimo katika kitabu."

"Kitabu kinasema hali ikidai. Hata mvua hakikuitaja."

Cyusa aligeuka kutazama wachezaji, na upande wa Bukavu ulikuwa mtupu. Imebaki ndala moja. Kule chini kwenye mteremko walionekana wasichana wakikimbia na kaptula zao, mabeseni yakiruka juu ya vichwa vya mama zao, na Bahizire katikati yao ameshika suruali isimwachie njiani. Watu waliobaki juu wakatega masikio. Baadaye kidogo mtoto mmoja aliyepanda ukuta akapiga kelele kwamba wa mwisho wamepita.

Drocella akapumua, ndipo akakumbuka kuogopa.

"Keti," alisema Cyusa. Akaketi. "Mpaka kota ya tatu nilikuwa nimekwisha kukupitisha. Kota ya nne ukalala. Nikuandike refa gani? Yule au huyu?"

Angeweza kusema hakuona. Angeweza kusema jua lilikuwa machoni. Akamweleza jinsi ilivyo: saa ya bariyeri, filimbi inayomezwa, miaka yote hiyo, marefa wote.

"Nililala, Mzee. Ndivyo tulivyozoea huku."

"Na ile ya mwisho?"

"Ya mwisho niliamka."

"Kuamka mara moja si kazi. Hata mlinzi mlevi huamka mara moja." Akaanza kukusanya karatasi zake. "Kule juu utakutana na mambo mengine. Mtu ana ndege ya kuwahi, mwingine ana mkubwa anayengoja chakula. Kila mtu ana bariyeri yake. Utawamezea wote?"

Drocella aliona karatasi zinaingia mfukoni na Noeli inakuja. Labda ndiyo maana alisema alichosema, maana kwa kawaida alikuwa mtu wa heshima.

"Mzee, mchezo ulikuwa wa saa nane. Timu ikichelewa robo saa, kitabu kinasema imeshindwa. Wewe ulichelewa masaa mawili, na tukakungoja. Ungefika saa nane, bariyeri isingeingia uwanjani. Kumeza kwa kwanza leo tulimeza kwa ajili yako."

Harerimana alitazama chini kama anayetafuta shimo la kumfukia mtu. Cyusa akavua kofia, akapangusa vumbi lililokuwa bado limebaki usoni, akaivaa tena.

"Msitu siwezi kuupita jioni hii," alisema mwishowe. "Nalala Kamembe. Kesho nitakuwa hapa, kabla yenu. Dakika tano. Nikiona filimbi imelala hata mara moja, narudi Kigali na jina lako nakuachia ulitunze huku."

Jumapili asubuhi bariyeri ilikuwa wazi na hakuna aliyekuwa na haraka. Watu wa Bukavu walivuka na nguo za misa, wasichana wana jezi chini ya magauni, Bahizire amevaa tai. Alisema amekuja kumsindikiza bibi yake kanisani tu, lakini filimbi ilikuwa shingoni, chini ya tai. Na watu wa Cyangugu walijaa kuliko jana, kwa sababu wapi umesikia mchezo wa dakika tano? Walileta hata watoto wa mgongoni. Mama mkwe wa Drocella pia alikuja, akakaa mbali, kwa ajili ya ng'ombe.

Cyusa alikuwa tayari mezani, mikono amekunja.

Mpira ukarushwa juu. Haujafika chini, Drocella amepuliza: Joselyne amevuta jezi. Ukaingizwa. Akapuliza: Divine ametembea. Ukaingizwa. Akapuliza: kiwiko. Akapuliza: mguu umekanyaga mstari. Joselyne alikuwa na makosa manne tangu jana; akatoka na la tano, haamini, akiuliza watu wa pembeni kama wameona. Akafuata Bella, binti yake Harerimana mwenyewe. Harerimana akaruka kutoka kwenye benchi.

"Maman! Huyu mtoto amefanya nini? Amepumua tu!"

"Amepumua na mikono, papa."

"Nani alikuletea mkaguzi? Si mimi?"

Drocella akaweka kiganja juu ya vidole, alama ya kosa la kocha. Mitupo miwili kwa Bukavu. Harerimana alikaa chini mdomo wazi, na upande wa Bukavu Nzigire akaanza kuimba.

"Nyamaza, Maman Divine," Bahizire alimwambia, "anakuya kwenu sasa hivi."

Na kweli alikuja. Divine akapulizwa kwa kutembea mara ya pili, ya tatu, mpaka akawa anasimama na mpira haendi popote, anaomba ushauri. Lakini wa Bukavu walikuwa na benchi refu, na wa Cyangugu walikuja na wasichana wachache tu, maana wengine walikuwa kwenye kwaya. Kufikia mwisho Cyangugu walibaki watatu uwanjani, wanakimbizana kama kuku waliofunguliwa. Misa ya pili iliingia, ikaimba, ikatoka, na dakika tano zilikuwa bado zinaendelea. Bahizire hakupata kupuliza hata mara moja. Alitembea upande wake na ile tai, kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake.

Bukavu walishinda kwa pointi tisa, karibu zote za mitupo.

Cyusa alimsubiri Drocella anywe maji. Kisha akampa mkono.

"Umepita."

Drocella akakaa chini pale pale kwenye saruji, filimbi imemning'inia kifuani.

"Mwezi ujao utaitwa Kigali," Cyusa aliendelea. "Ligi ya taifa. Huko watu wazima watakutukana."

"Huku wameanza," alisema Drocella, maana kutoka pembeni Joselyne alikuwa anamweleza kila mpitaji alivyoonewa.

Bahizire akaja, akachuchumaa mbele yake kwa shida, kitambi kimekataa.

"Umenivunjia sheria yangu," alisema. "Jumamosi ijayo nitafanya je na batu ya Bukavu, saa ya bariyeri ikifika?"

"Anza mchezo saa nane, papa. Hata kama rais mwenyewe hajafika."

Bahizire alifikiri kidogo. "Hiyo nayo ni sheria," akasema, akainuka kwa kumshika bega.

Watu wa Cyangugu hawakuwa wepesi hivyo. Kwenye njia ya Kamembe wanawake walimsalimu Drocella kwa kidevu tu. Muuza mandazi alisema mandazi yamekwisha, na yanaonekana. Harerimana ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsemesha, Jumatano, mbele ya posta, kofia mkononi na sauti ya chini isiyo yake.

"Maman Drocella, nimesikia unakwenda Kigali."

"Mwezi ujao, papa."

"Mwezi ujao ni mbali," alisema Harerimana. "Kwani kesho hakuna basi?"